Miguu ya Magokoro

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa mjini Kisii. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaomba afunguliwe kikopo cha dawa ya kuchua, anuse kwanza kabla hajanunua. Muuzaji akakifungua. Harufu ile ya kafuri, kali, ya kuchoma macho, ilinipata nikiwa sijajiandaa, na nilipokuja kujitambua nilikuwa nje barabarani sina dawa wala sina sababu ya kumweleza mtu. Nikaketi kwenye ngazi za duka la nguo la jirani, nikalia kidogo, nikapangusa uso, nikarudi kwenye foleni kama mtu mwenye akili zake.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka korona kila mtu kwa njia yake. Nawasikia mkikumbushana shule zilivyofungwa tukashangilia kama wajinga, mkicheka barakoa za vitambaa tulizoshonewa zikatushinda kupumua, mkilalamikia mwaka uliotupotea. Sawa, hata mimi nilishangilia. Lakini mtu akitaja korona mimi naona miguu miwili tu, ya nyanya yangu. Kwetu hatusemi nyanya, tunasema Magokoro, nami sikuwahi kumwita vingine.

Magokoro alikuwa mtu wa miguu. Boma letu liko karibu na Sironga, kwenye mteremko ambao mgeni akiupanda anasimama mara kadhaa akijifanya anatazama mandhari. Nyumba ziko katikati, chai iko juu, kisima na choo viko chini. Yeye alipanda na kuteremka mteremko huo kutwa nzima. Alfajiri, ukungu haujapanda, alikuwa tayari kwenye michai na kikapu mgongoni, mikono yote miwili ikichuna, macho yakiwa kwa jirani anayempigia umbea ng'ambo ya ua. Kikapu kikijaa alikibeba mwenyewe hadi kituo cha majani. Siku ya Sabato alitembea kwenda kanisani na kurudi, na kijana wa bodaboda akisimama kumpa lifti, alimfukuza. "Pikipiki ni ya wagonjwa! Mimi unaniona nimelala?" Miguu yake ilikuwa myembamba na migumu, mishipa imetokeza, visigino vimepasuka, na nilipokuwa mdogo nilidhani miguu ya watu wote wazima huwa hivyo wakishakomaa.

Korona ilipoingia nchini, baba mdogo akapiga simu kutoka Nairobi. Huyu ni mdogo wake baba, mwana aliyesoma, na maneno yake yalipofika nyumbani hayakujadiliwa. Alisema ugonjwa huu unawamaliza wazee. Alisema mama yao asitoke nje ya ua, asiende kanisani, asiende kituo cha majani kukaa na watu, asiende hata kwenye chai kwa sababu majirani wanapita hapo. "Mama amefanya kazi ya kutosha," akasema, simu ikiwa kwa sauti kubwa tusikie sote. "Sasa ni wakati wa kukaa. Akae tu. Ale, apumzike."

Magokoro alicheka hadi akashika ubavu. "Nikae? Nikae nifanye nini, niatamie mayai?"

Kesho yake alikuwa kwenye chai kama kawaida. Jirani mmoja asiye na kazi akampigia baba mdogo simu, baba mdogo akampigia baba, na baba akachukua kikapu cha mama yake akakipandisha darini. Baba yangu ni mtu mpole kupita kiasi. Alikipandisha kichwa akiwa ameinamisha, na Magokoro akasimama chini ya ngazi akamwangalia. Siku zilizofuata alijaribu kutoroka, akarudishwa. Akaanza kushika jembe nyuma ya jikoni, akanyang'anywa kwa heshima. Hata kibuyu cha maji alipokitwaa, mama alimkimbilia, "Aki, mama, wacha, wacha, mimi niko!" Maana mama naye angefanyaje? Mke wa mtu akionekana amekaa huku mama mkwe anateka maji, Sironga yote itamla nyama.

Halafu redio ikaanza kuhesabu waliokufa kila jioni. Magokoro alikuwa anaiamini redio karibu sawa na Biblia. Polepole akaacha kupigana. Baba mdogo akatuma kiti kutoka Nairobi kwenye lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu, kiti kikubwa cha sofa cha kuegemea, chenye mikono minene. Kikawekwa kwenye veranda, Magokoro akawekwa juu yake.

Na hapo, wenzangu, ndipo mambo yalipoharibikia, kwa sababu watu walimsifu. Nyinyi mnaijua Gusii. Mzazi akionekana amekaa tu, mikono kwenye mapaja, hana jembe wala kikapu, hiyo ni shahada ya watoto wake. Wanawake waliopita kwenda sokoni walisimama ng'ambo ya ua na barakoa zao kidevuni, wakapiga vigelegele kabisa. "Wewe mama, wewe ulizaa! Wengine tulitapika tu!" Magokoro, aliyekuwa hajasifiwa tangu aolewe isipokuwa kwa kuchuna chai, alianza kuupenda utamu huo. Nilimwona. Akawa anavaa kitambaa kizuri cha kichwa asubuhi, anakaa wima, anawasubiri wapitaji. Uji wa wimbi aliletewa kitini. Ugali na mboga chungu za chinsaga aliletewa kitini. Chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, aliletewa kitini. Akitaka kuinuka kuota jua, tulikuwa tunasukuma kiti.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumchua miguu jioni. Ilianza kwa sababu alisema inamuuma kwa uvivu. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaipakata, nikachota dawa ya kafuri kwenye kikopo. Wengine wote hapo nyumbani hawakuwahi kuitazama kwa karibu miguu hiyo, na wale ambao si Wagusii lazima niwaeleze. Kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtu na mzazi wake wana mipaka. Mwana mwanamume haingii chumba cha mama yake cha kulala, hamtazami akijifunua, hagusi mwili wake, na mke wa mwana naye ana mipaka hiyohiyo. Lakini mjukuu hana chinsoni na nyanya. Mjukuu anaweza kumtania, kumwita mke mwenza, kulala naye, kumkata kucha. Kwa hiyo miguu ile, iliyofunikwa na leso kutwa kwenye veranda mbele ya watu wazima wenye akili, iliachiwa mtoto wa darasa la saba. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Kwetu wenye macho waliambiwa wasitazame, wakatii.

Na mtoto aliona nini? Aliona nyanya yake ananenepa. Ile mishipa iliyotokeza ilizama. Visigino vilivyopasuka vikafunga, vikawa laini kama vya mtu wa ofisini. Ngozi ilivutika ikang'aa. Nikibonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki, likajaa polepole kama unga wa mandazi uliokandwa, na mimi nikawa nacheza nao, nabonyeza hapa, nabonyeza pale, nachora uso wenye macho na mdomo kwenye muundi wa nyanya yangu, naye akichungulia na kucheka.

"Hayo ni mafuta ya wanangu," alikuwa akisema. "Chora, chora, yamejaa."

Nikatoka nikiwatangazia watu. "Magokoro amenona hadi vidole!" Mama akafurahi. Baba akatabasamu. Baba mdogo alipoambiwa kwenye simu alisema, "Unaona sasa? Mama alikuwa anakufa na kazi." Watu wengine huniuliza, nikiwasimulia, kama najilaumu. Silaumiki. Nilikuwa mtoto, na neno kunona nilifundishwa na watu wazima kwamba ni neno zuri. Nikitaka wa kulaumu ninao wengi, tena wenye ndevu.

Mguu wa kushoto ulitangulia kuwa mkubwa kuliko wa kulia. Nilidhani ni kwa sababu anapenda kulalia upande huo. Kisha magoti yakaanza kukataa. Kwenda choo, kule chini kwenye mteremko, kukawa safari ya kumshika huku na huku, halafu safari ikaisha kabisa, ikaletwa ndoo chumbani kwake na mimi ndiye niliyeimwaga. Siku ya kwanza ya ndoo hakunitazama usoni. Mwanamke aliyewafukuza watu wa bodaboda! Nilipoirudisha imeoshwa, alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Kerubo, nipeleke kwenye chai kesho. Safu ya kwanza tu. Nishike tu jani."

Nilimwambia sawa. Asubuhi tulijaribu, yeye na mimi, wengine wakiwa ng'ombeni. Alishuka veranda. Akatembea hadi kwenye ua wa migomba, akihema kama aliyekimbia, mdomo wazi, jasho kwenye midomo, na hapo akasimama akaegemea mgomba. Chai ilikuwa inaonekana, hapo juu tu, mahali alipozoea kufika kabla sijamaliza kufunga viatu. Aliitazama. "Ni nani aliuongeza huu mlima?" akaniuliza, na mimi nikacheka, nikidhani ni utani wake. Hakuwa anatania. Tukarudi kitini.

Makanisa yalipofunguliwa, wazee walikatazwa kuingia. Magokoro alilia siku hiyo, maana ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana, na kwetu Waadventista huwezi kushiriki Meza kabla hamjaoshana miguu, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Tangu abatizwe, Magokoro alioshana miguu na mtu mmoja, Mama Bosibori. Huyu alikuwa shemasi, mchuna chai mwenzake na mpinzani wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alasiri ya Sabato hiyo tulimwona akipanda mteremko kwa barakoa, karai kichwani, taulo nyeupe begani.

Baba akamkimbilia langoni. "Mama Bosibori, samahani, tumeambiwa wageni—"

"Mimi ni mgeni hapa?" akauliza. Akampita. "Kanisa limemkataa, mimi sijamkataa. Kerubo, maji ya vuguvugu."

Tuliingia chumbani sisi watatu, mlango ukafungwa. Mama Bosibori akapiga magoti sakafuni, akafungua leso iliyofunika miguu ya rafiki yake. Nilikuwa nimeshika birika. Nilitegemea aseme vile walivyosema wote, kwamba amenawiri, na nilikuwa nimejiandaa kujivuna, maana miguu hiyo niliihesabu kama kazi ya mikono yangu. Hakusema. Alishika wa kushoto kwa viganja viwili, akauachia upesi, akaushika tena.

"Una moto," akasema. "Huu una moto na huu mwingine hauna." Akabonyeza. Akalitazama shimo. "Hii imeanza lini?"

"Ni mafuta," nikasema.

"Mafuta gani, mtoto? Mafuta hayabaki shimo! Haya ni maji." Akamtazama Magokoro usoni. "Wewe, unapumuaje hivyo na umekaa?"

"Nimezeeka," Magokoro akasema.

"Umezeeka tangu lini? Mwezi ule wa mvua ulinishinda kwa kikapu kizima ukanicheka mpaka nyumbani! Aki ya Mungu, wamekufanya nini?" Na akaanza kulia, huku anaosha. Aliosha ule mguu wenye moto polepole sana, akaupangusa kati ya vidole, machozi yakidondokea ndani ya karai. Magokoro akampapasa kichwa. Kisha akataka naye aoshe, kama ilivyo desturi, lakini hakuweza kuinama, kwa hiyo Mama Bosibori akapanda juu ya kitanda akamwekea miguu yake mapajani, yenye magamba na matope ya njiani, naye Magokoro akaiosha hivyo. Aliishika muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Ilikuwa miguu kama yake ya zamani.

Mama Bosibori alitoka kwenye veranda na taulo mkononi, akamwambia baba mbele ya mama, "Mama yako ni mgonjwa wa hospitali. Leo, si kesho."

Baba akasema lazima amuulize ndugu yake. Ndugu yake akapiga kelele kwenye simu mpaka kuku wakatazama. "Msimtoe! Huko hospitali ndiko korona iko! Mkimpeleka watamweka kwarantini, hamtamwona tena! Anataka nini, si anakula? Si anapumzika?" Baba akawa anasema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapo palikuwa na masikio mengi ya kufa. Mama ndiye aliyevua aproni. Sijui alitoa wapi huo ujasiri, mke wa boma asiyewahi kumkatiza shemeji yake. Alikwenda mwenyewe kwa jirani mwenye pikapu ya maziwa, akarudi amepanda mbele, akasema, "Mbebeni."

Hakukuwa na mwingine wa kumbeba ila baba. Mtoto wa kiume ambaye maisha yake yote hakuthubutu kuitazama miguu ya mama yake, alilazimika kuipitishia mkono chini ya magoti na kuinua. Alifanya hivyo uso ameugeuzia angani, macho ameyafumba, akipapasa njia kwa nyayo, na Mama Bosibori akimwelekeza, "Ngazi. Jiwe. Hapo sasa." Leso ikateleza. Mguu wa kushoto ukabaki wazi mbele ya watu wote waliokuwa ng'ambo ya ua, mkubwa, umeiva kama zambarau. Hakuna aliyepiga kigelegele. Magokoro alijifunika uso kwa mikono yake, na hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho, kwa sababu hospitalini watoto hawakuruhusiwa.

Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na mama. Daktari alikuwa msichana mdogo, amejifunika kama mwanaanga. Walimpima korona. Hakuwa nayo. Kisha akawauliza kama mgonjwa alikuwa anatembea, na baba, masikini, akajibu kwa fahari kidogo, "Hapana, daktari. Tulimpumzisha." Tangu lini? Tangu korona ianze. Daktari akawaeleza, bila ukali, kwamba miguu ndiyo inayoisukuma damu irudi juu, kwamba mtu aliyezoea mlima maisha yake yote huwezi kumkalisha ghafla hivyo, kwamba damu imeganda kwenye mguu na kipande kimepanda kwenye mapafu. Kama angekuwa anatembea tembea hapo nyumbani tu, akasema. Kwenye shamba lake tu. Huko hakuna korona.

Walimchoma sindano za kuyeyusha damu. Alikaa siku chache. Mama anasema aliuliza chai imechunwa na nani.

Tulimzika haraka, watu wachache, viti vimewekwa mbali mbali, na wengi hawakuja kwa sababu tayari ilishasemwa Sironga yote kwamba ni korona. Baba mdogo alifika na suti nyeusi na karatasi ya hospitali, akaisoma kwenye kipaza sauti ili watu wasikie matokeo. Kisha akaikunja, akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau.

"Sisi kama watoto wake hatuna deni. Tangu ugonjwa huu uanze, mama hakukanyaga nje ya ua. Hakushika jembe. Hakubeba hata kikombe. Amekufa kama malkia. Na tunamshukuru Mungu kwa jambo moja, hakufa na korona."

"Amina," watu wakasema. Baba naye akasema amina.

Mama Bosibori akasimama kwenye kiti chake cha mbali. Ile sauti yake haikuhitaji kipaza. "Basi mtuambie. Alikufa na nini?"

Mchungaji akatazama kitabu chake. Baba mdogo akapanguza paji la uso. Mtu akakohoa na wote wakageuka kumtazama kwa woga.

"Alikufa na kukaa," nikasema.

Sikunong'ona, sikuwa najua kwamba hapo hunong'onwa. Shangazi aliyekuwa karibu nami akanifinya paja kwa kucha, akanikemea nyamaza, huna adabu. Mama akaunyoosha mkono wake kutoka kiti cha pili, akauondoa mkono wa shangazi kwenye paja langu, mbele ya ukoo mzima.

"Mwache," akasema. "Ameulizwa, amejibu."